Fundi Blanketi na Rangi ya Cheche

"Shangazi, cheche inakaa wapi kabla haijaruka?"

Nilimuuliza nikiwa na miaka saba, nimekaa juu ya rundo la matairi mabovu kwenye gereji yake, miguu yangu haifiki chini. Yeye alikuwa ameshika plagi kwa koleo, amejifunika blanketi jeusi, kichwa na mabega vimezama ndani ya boneti. Kisha mkono ukachomoza chini ya blanketi.

"Nipe kile kitambaa."

Nikampa, na swali likaishia hapo.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Mtaani wanamwita Fundi Blanketi. Cheche ya plagi, ile inayowasha petroli ndani ya injini, ni ndogo kuliko punje ya mchele, na jua likiwa kali huioni. Mafundi wengine husukuma gari mpaka kivulini. Yeye hujitengenezea giza lake saa sita mchana. Baba humtania kwamba anajifunika ili apige umbea na injini. Shangazi humjibu, "Angalau injini haitangazi nilichoiambia."

Akifungua plagi nne, huzipanga juu ya gazeti kama zilivyotoka, ya kwanza mpaka ya nne, na ole wako uzichanganye. Ncha ikiwa ya kahawia iliyopauka, hapo mambo ni mazuri. Masizi makavu, petroli imezidi. Weusi unaong'aa, injini inakunywa oili. Siku moja alitazama masizi, akamgeukia mwenye gari.

"Hili gari uliliazimisha?"

"Shemeji alilichukua wiki nzima. Umejuaje?"

"Mwambie shemeji kile kishikizo cha choki, kinachoongeza petroli kikivutwa, si cha kutundikia mkoba."

Yule bwana alicheka mpaka akashika ukuta, kwa sababu mkoba wa shemeji ulikuwa bado unaning'inia pale pale. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama ile plagi, nikijiuliza kitu kidogo namna ile kimewezaje kuchongea mtu mzima.

Mwaka huu macho ya shangazi yameingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akampangia upasuaji miezi minne mbele. Tuliojua ni baba na mimi tu. Shangazi aliazima kitabu changu cha fizikia, akakaa nacho wiki mbili akikisoma kwa lenzi. Kilirudi na alama ya dole gumba, ya oili, kwenye ukurasa wenye picha ya koili. Nilidhani alikuwa anapima macho yake.

Ndipo akaja mkunga wa zahanati. Gari lake lilikuwa linazima baada ya nusu saa njiani, likipoa linawaka kama halijafanya kitu. Gereji mbili zilikuwa zimeshambadilishia plagi. Mara ya mwisho lilizima likiwa na mama mwenye uchungu kwenye kiti cha nyuma.

"Tulimalizia kwa miguu," mkunga alisema. "Sirudii tena. Likishindikana leo, fundi, naliuza. Kina mama wa ng'ambo ya mlima watajua wenyewe pa kujifungulia."

"Waliolipima walilipima lini?"

"Asubuhi. Nililiacha kwao likalala usiku kucha."

"Basi walilipima limepoa, likiwa zima. Sisi tutalisubiri liugue."

Akaniweka kwenye usukani. Injini ikanguruma dakika thelathini na tano, ikakohoa mara mbili, ikazima. Shangazi alichomoa waya wa plagi ya kwanza haraka, akauchomeka kwenye plagi ya akiba, akaibana kwa koleo lenye mipini ya mpira, chuma cha plagi kikigusa injini. Halafu badala ya kujifunika, akamnyooshea mkunga blanketi.

"Utanisaidia kutazama, dada. Macho yangu yana ukungu, rangi siioni sawasawa. Cheche nzima ni ya bluu, dhaifu ni ya njano."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwambia hivyo mteja. Mkunga alimtazama, nami nikasubiri aombe ufunguo wake aondoke.

"Mimi nashona watu nyuzi, macho ninayo," akasema. "Lete."

Wakajifunika wote wawili. Nikawasha.

"Rangi gani?" sauti ya shangazi iliuliza.

"Bluu."

Shangazi akaguna.

"Cheche ya bluu inalia tak, kama mtu kavunja kijiti. Hii imenong'ona. Dada, umeiona au umeitamani tu?"

Mkunga alishusha pumzi. "Nalitaka gari langu, fundi."

"Najua. Washa tena, mama."

Mama ni mimi. Nikawasha.

"Njano," mkunga alisema polepole. "Inaelekea wekundu. Nyembamba kama uzi."

Wakajaribu waya wa pili, wa tatu, wa nne. Njano tupu.

"Nyaya nne haziwezi kushikwa na ugonjwa mmoja dakika moja," shangazi akasema. "Tuangalie kule zinakolishwa zote."

Akaenda kwenye koili, lile kopo la chuma linalokuza umeme mdogo wa betri mpaka uweze kuruka. Waya unaotoka kwenye koili yenyewe nao ukatoa njano. Akasogeza mgongo wa mkono karibu na kopo, akautoa upesi.

"Inaunguza. Mama, zima swichi, toa ufunguo."

Aliloweka kitambaa, akaizungushia koili mpaka ikapoa, akaikausha kabisa kwa kingine. Hakubadilisha kitu chochote. Akaniambia niwashe.

Tak. Niliisikia nikiwa kwenye kiti.

Kisha mkunga akasema chini ya blanketi, kwa sauti ya chini kama mtu aliye wodini, "Bluu. Kama moto wa jiko la gesi. Safari hii nimeiona."

Nilishuka, na shangazi akaninyanyulia pindo huku mkunga akishika ufunguo. Gizani, kati ya vyuma viwili visivyogusana, kitu kilikuwepo, halafu hakikuwepo. Kikaja tena.

Koili ikabadilishwa. Mkunga akaenda mpaka juu ya mlima na kurudi, injini ikiwa inawaka muda wote, akapita mbele ya gereji bila kusimama. Alipiga honi tu.

Shangazi alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Uliwahi kuniuliza cheche inakaa wapi," akasema, bila kugeuka.

"Miaka tisa iliyopita, shangazi."

"Haikai popote. Umeme unapita kwenye koili kimya kimya, na ukikatwa ghafla, hapo ndipo cheche inazaliwa. Imo kwenye kitabu chako. Siku ile nilikuwa sijui, mama, ndiyo maana nikakuomba kitambaa."