Hendeli Begani

Juzi pale stendi ya Buzuruga nilimwona dereva akiondoa lori bila hata kutazama matairi, nikamkumbuka baba.

Mchana ule lori lilinuka pamba na mafuta. Kabla ya safari baba alikanyaga breki, ikazama mpaka chini. Akashuka.

"Haliendi."

"Mwoga wewe!" tajiri wake alifoka. "Nitamwita dereva mwingine."

Baba alichukua hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini iwake, akaiweka begani, tukaenda zetu nyumbani. Nililia njia nzima kwa aibu: baba yangu mwoga, tena mwizi.

"Akija," alimwambia mama, "mwulize kwanza habari ya breki."

Siku ya tatu tajiri alikuja, breki zimetengenezwa. Baba alikwenda kuzikanyaga mwenyewe, ndipo akairudisha hendeli.

Mwoga wangu huyo alikufa mzee, kitandani kwake.