Wivu Ulivyonilaza Mezani

Wivu ndio ulionilaza juu ya meza, si kingine. Miaka ile ya sabini tulikuwa tukifundisha ngumbaru pale Nyamira, mimi chumba hiki, Mogaka chumba cha pili. Wazee wote walikimbilia kwake kwa sababu aliigiza kila kitenzi cha Kiingereza. Vicheko vyao vilipenya ukuta wa mbao vikanichoma roho.

Siku moja nilifundisha "lay" na "lie", yaani kulaza kitu na kulala mwenyewe. Wanafunzi wangu wachache walisinzia. Nikasema moyoni, leo Mogaka atanijua! Nikalaza kitabu mezani: "Lay!" Kisha nikavua viatu, nikapanda, nikajinyoosha chali, soksi zimetoboka, nikakoroma: "Lie!"

Hakuna aliyecheka. Kufungua macho, namwona mama mkwe wangu mlangoni, leso usoni, amekuja kuulizia masomo. Kwetu Gusii hata kumpa mkono mama mkwe ni mwiko, sembuse kumkoromea!

Aligeukia chumba cha pili akaita, "Mwalimu Mogaka, kwako kuna nafasi?"