Msemo Aliousubiri Rukia

Akili imegoma. Nimeandika "Rukia amefariki", nikafuta, nikaandika tena, na bado naona kama namsingizia.

Tumemzika jana. Moyo, ndivyo walivyosema hospitali. Alianguka asubuhi nyumbani kwake hapa Hayes, ughaibuni, chai yake ikiwa mezani.

Mnaoniuliza inbox naendeleaje, sijui. Sijalia. Nimefua mapazia ya nyumba nzima.

Kwa msiomjua: Rukia alikuwa Mpemba, shoga yangu, na kwa miaka mingi tumefanya kazi care home moja, kulisha wazee wa watu na kuwavisha. Alikuwa na mikono mipole kuliko sisi sote. Ila mwandiko wake, jamani, ulikuwa balaa.

Siku moja aliandika kwenye care notes, daftari la taarifa za wazee, kwamba mzee mmoja amelala vizuri, "slept well". Manager akasoma "slapped well", yaani kazabwa makofi vizuri. Tuliitwa ofisini wote. Rukia aliambiwa akatengeneze mwandiko wake, haraka.

Akaona tangazo library: calligraphy class, darasa la mwandiko mzuri, kila Jumamosi, bure. Akajiandikisha mbio mbio bila kusoma mpaka chini. Kufika, anapewa brashi na kibakuli cha wino. Kumbe ni darasa la mwandiko wa Kichina!

"Sasa kwa nini hukuondoka?" nikamuuliza.

"N'ondokeje, Asha, na mtu keshanitilia chai?"

Akabaki miaka. Mwandiko wake wa Kiingereza haukubadilika hata chembe.

Jumamosi nilikuwa nampitia pale twende shift ya mchana, namkuta na wino mpaka kwenye mtandio. Mwalimu wake, mzee wa Kichina tunayemwita Mwalimu Wen, hatoi maksi. Anatoa misemo. Wachina wana misemo ya maneno manne manne ya kusifu mwandiko, na mingine ya kuuponda. Ukiandika bila kukwama, wewe ni mawingu yaendayo na maji yatiririkayo. Ukiandika kwa nguvu, ni mistari ya chuma na kulabu za fedha.

Rukia alipewa "nyungunyungu wa masika, nyoka wa vuli".

Alirudi kazini kichwa juu, akamtangazia kila mtu mpaka wapishi. Maana wiki iliyotangulia alimsikia Mwalimu akimsifia mwenzake kwamba brashi yake inatembea kama joka na nyoka, na darasa zima likapiga makofi. Rukia akasema, nyoka si ndiye huyo huyo?

Basi siku ya kufunga muhula akasimama mbele ya watu kumshukuru Mwalimu. Akamwambia kwa heshima zote kwamba mwandiko wake yeye Mwalimu ni nyungunyungu wa masika, nyoka wa vuli. Nilikuwepo mlangoni. Mwalimu Wen akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi, ndipo akamweleza: hayo ni maneno ya kumwambia mtu kwamba mwandiko wake umejinyonganyonga, hauna mfupa.

Kwenye basi alikuwa amenuna. "Nyoka huyu sifa, nyoka yule tusi. Mie ningejuaje, wallahi?"

Tangu hapo akawa na hamu moja. "Msemo mmoja tu mzuri, Asha. Mmoja. Nasra asikie."

Nasra ni binti yake wa pekee. Amezaliwa hapa, anaelewa kila tunachosema na anajibu kwa Kiingereza. Alipokuwa shule alikuwa anajaza fomu zake mwenyewe, kwa sababu mwandiko wa mama yake ulimtia aibu. Hakuwahi kumwambia mama yake hivyo. Rukia alijua, na ilimuuma.

Akashika neno moja la Kichina, "mchele", akaliandika kila Jumamosi. Nilimuuliza kwa nini mchele. Akasema hilo analielewa.

Jana tuliporudi kutoka makaburini Nasra alikuja kukaa karibu yangu. "Aunty, did he ever say it?"

Nilijua anauliza kama Mwalimu aliwahi kumsifu. Nikamwambia bado. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja tishu.

Leo ni Jumamosi. Nimekwenda library kumpa Mwalimu habari, maana hakuna aliyempigia simu. Kabla sijafungua mdomo akanijia na karatasi ya Rukia ya "mchele", ile nzito, aliyoiacha ikauke wiki iliyopita. Akaigeuza. Akapitisha kidole mgongoni mwa karatasi, akatamka maneno yake manne, halafu akanitafsiria taratibu kwa Kiingereza ili nisikosee kuyafikisha: nguvu imepenya mpaka mgongo wa karatasi.

"Mwambie Rukia," akasema. "Mwambie hii naitundika ukutani."

Alikuwa anatabasamu, anangoja nifurahi. Hakusema vile kwa kumhurumia marehemu. Alikuwa hajui. Kwake yeye, Rukia kachelewa basi tu.

Ndipo nikamwambia. Akakaa chini. Karatasi hakuiachia.

Nimempigia Nasra nikiwa kituo cha basi. Nikamweleza kwa Kiswahili, neno kwa neno, na nikamweleza kwamba Mwalimu alisema kabla hajajua.

"Rudia," akasema. Hivyo hivyo, kwa Kiswahili.

Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Basi langu likapita, nikarudia.

Machozi bado hayajanijia, Rukia, usinicheke. Nakuandikia hapa kwa sababu sijui kwingine kwa kukupata.

Mwanao kasikia, shoga yangu. Lala sasa.