Vigae Elfu Kumi Mia Nne na Vitatu

Mume wangu mtaani wanamwita Gawanya, na jina limemkaa. Akiona namba yoyote hatulii mpaka ajue inagawanyika kwa ngapi. Kifungua mimba wetu alipozaliwa na gramu elfu tatu na tatu, baba mtu hakuuliza kafanana na nani. Alisema hiyo inagawanyika kwa tatu, saba, kumi na moja na kumi na tatu, ndipo akampakata mtoto. Nilimsamehe. Ningefanyaje, na nilikuwa nimeshampenda?

Maisha yake yote alitengeneza vigae vidogo vya mraba, kimoja chaenea kiganjani, katika kiwanda ambacho sasa kimefungwa. Siku ya mwisho walimpa vilivyobaki, alivyovichoma kwa mkono wake. Nilifurahi mno, maana kibaraza chetu ni vumbi tupu na nimelifagia miaka kumi na minane.

Haya, bwana akavihesabu: elfu kumi mia nne na vitatu. Akaapa hatakata hata kimoja wala hatabakiza hata kimoja. Kibaraza ndicho kingefuata vigae, mradi mistari yote iwe sawa. Wiki nzima aligawanya, kwa tatu, kwa saba, mpaka tisini na saba. Wapi! Alipofika mia akaacha. Eti mia mara mia ni elfu kumi, hizo mia nne za juu ni chenji tu. Akatangaza kwamba namba ni tasa, haigawanyiki, na Jumamosi ndugu yake aje avichukue akajengee banda la kuku.

Roho iliniuma. Banda la kuku! Alhamisi nikapiga magoti, nikaanza kuvipanga kibarazani bila saruji, mraba mkubwa, angalau nivione vimelala chini kabla kuku hawajavifaidi. Sikugawanya kitu, nilipanga tu.

Jumamosi shemeji alifika na magunia wakati namaliza. Mistari mia na miwili, kila mmoja vigae mia na viwili, isipokuwa wa mwisho: ulipungua kimoja. Shemeji akacheka. Mimi nilitamani kulia. Pengo lile pale pembeni lilinikera hata nikaung'oa mstari wote wenye pengo, kigae kimoja kimoja, nikavihamishia ubavuni nisilione.

Kumbe mistari iliyobaki ni mia na mmoja, na vigae nilivyobeba ni mia na kimoja. Kila mstari ukapata chake. Hakikubaki kitu, wala pengo halikuwapo.

Gawanya, aliyekuwa akinywa chai mlangoni, akaweka kikombe chini. Akahesabu kingo kwa kidole, midomo ikimchezacheza, akarudia tena.

"Mia na moja mara mia na tatu," alisema taratibu.

Shemeji akauliza kama aanze kupakia. Mume wangu, ambaye tangu anioe hajawahi kukiri kosa la hesabu, akamgeukia.

"Mimi niliacha mapema," akamwambia. "Mke wangu hakuacha. Kunja magunia yako."

Nikakaa chini palepale juu ya sakafu yangu, nikalia kwa furaha, wala sikuona haya.