Mayai ya Mama Hadija na Herufi M

Mayai mia mbili ya Mama Hadija yalikuwa yanapoa, na baridi ya Mbeya mnaijua. Mashine yake ya kutotolea vifaranga nilikuwa nimeiua mwenyewe, yeye akinitazama.

Ilikuwa inasahau kiwango cha joto kila umeme ukikatika. Sadiki, fundi wa Iringa, akaniambia kwa simu niijengee kompyuta yake ndogo kernel mpya, yaani kile kiini cha programu kinachoiamsha, ili iweze kutunza mambo kwenye memori ya flashi, ile isiyofutika umeme ukikatika. Mimi wa darasa la saba nikajiona injinia. Kila kipengele unakichagulia herufi: Y kinaingia ndani ya kiini, M kinakaa pembeni kama faili mpaka kiitwe.

"Weka M kote, braza, iwe nyepesi," Sadiki akasema.

Nikaweka M mpaka kwenye kile kipengele cha kusomea flashi. Nikawasha. Kimya. Nikamweleza Mama Hadija herufi zote nilizoweka.

"Hilo faili la kusomea flashi umeliweka wapi?" Mama Hadija akauliza, huku anafunika mayai kwa blanketi na kusogeza jiko la mkaa.

"Ndani ya flashi."

"Kwa hiyo, fundi, umefunga nyumba, ufunguo umeuacha ndani."

Mungu ambariki mama yule. Vifaranga wengi walitoka kwa joto la jiko lake, na mimi, niliyezoea kufukuzwa, akanimiminia chai. Lakini wewe Sadiki, simu hupokei. Njoo hapa Mbeya, Mwanjelwa, umweleze yeye, siyo mimi, kwa nini ulisema kote.