Namba Sita Kutoka Machame

Siku ya arobaini na sita tangu barua ile ifike, Haika Mmari aliketi kitandani kwenye chumba chake cha kupanga huko Barking, ughaibuni, tableti mapajani, akasoma maneno aliyokwisha kuyasoma kila asubuhi: hakuna ujumbe mpya.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi ilikuwa imenyang'anywa kibali cha kudhamini wafanyakazi kutoka nje, na viza ya Haika ilisimama juu ya kibali hicho. Alipewa siku sitini apate mwajiri mwingine wa kumdhamini, ama afungashe. Miaka mitatu alikuwa amewaogesha wazee wa watu, amewalisha, amewageuza vitandani mpaka mgongo ukawa unamuuma hata akiwa amelala. Sasa alikuwa ameomba kazi sehemu thelathini na moja na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Mwanzoni alijipa moyo kwamba watu wana shughuli nyingi. Baadaye akaanza kuamini kwamba jina lake lina kasoro mahali fulani, kwamba wakiliona tu wanalitupa.

Alhamisi hiyo mchana Generosa alimpigia. Walifanya kazi pamoja kwenye nyumba ile ya wazee, na siku za Generosa zilikuwa zinahesabika vilevile.

"We Haika, mbona hukwenda kwa wale wa Croydon?"

"Wa Croydon gani?"

"Si tuliomba siku moja? Mimi nimefanya usaili wiki iliyopita. Yule mama akaniuliza kama nakufahamu, maana tumetoka kazi moja. Anasema amekuandikia ukakaa kimya."

"Kaniandikia wapi?"

"Kwenye barua pepe, wapi tena?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Wiki sita nyuma, akijaza fomu kwenye kompyuta ya maktaba huku muda wake wa kuitumia ukikaribia kuisha, mashine ilimtaka abadilishe neno la siri. Alibadilisha haraka haraka, akaendelea na fomu. Tangu siku ile tableti ilikuwa ikimletea kibango kidogo juu ya kioo, kinamwambia aingie upya, naye kila mara alikisukuma pembeni kwa kidole kama mtu anayefukuza nzi. Simu yake ilikuwa ndogo na imejaa, kwa hiyo barua zote zilikuwa kwenye tableti. Na tableti ilikuwa haijapokea kitu kwa wiki sita.

Akaizima, akaiwasha. Akakumbuka kumsikia mtu akisema ukiiondoa akaunti na kuirudisha mambo hukaa sawa, akaiondoa. Zikafutika hata barua za zamani zilizokuwa zinaonekana. Sasa kioo kilidai neno la siri, lile jipya asilolikumbuka. Alijaribu jina la mama yake na mwaka. Hapana. Jina la mama na mwaka mwingine. Hapana. Mtambo ukamwambia utatuma namba za kuthibitisha kwenye simu inayoishia na 46. Akabonyeza tuma. Akangoja. Akabonyeza tena. Simu yake haikuishia na 46, na hakuna kilichoingia. Alirudia mara kadhaa, kisha akapiga simu Croydon. Sauti ya msichana ikamjibu kwa upole kwamba mambo ya kazi hupitia barua pepe tu, na ajibu kwa anwani ile ile aliyoombea.

Ijumaa asubuhi alikwenda maktaba. Mhudumu mmoja aitwaye Harrison alihangaika naye nusu saa nzima, akafika kwenye 46 ile ile. "I'm so sorry," akasema, na Haika akaona kwamba kweli ameumia, na kwamba kuumia kwake hakusaidii kitu.

Generosa ndiye aliyemtumia anwani ya fundi mmoja Kilburn. Haika akapanda treni, akabadilisha West Ham, akakaa njia nzima ameikumbatia tableti. Akijiona kwenye kioo cha dirisha aliona mwanamke wa miaka arobaini na mbili anayechezesha midomo peke yake.

Duka lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya muuza mboga na kinyozi. Fundi, Mzee Nizar, alikuwa Mhindi mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani.

"Karibu dada. Wa wapi wewe?" akauliza kwa Kiswahili cha Tanga.

Haika alipotaka kujibu akaanza kulia. Mzee Nizar akamsogezea kiti, akamwacha alie, akaendelea kufunga skrubu za simu ya mtu. Haika aliponyamaza, mzee akaichukua tableti, akauliza swali moja moja, akabonyeza, akasoma.

"Kifaa hakina ubovu," akasema. "Hii arobaini na sita ni ya nani?"

"Labda ya simu yangu ya zamani, iliyoibiwa."

"Iliishia na ngapi?"

Haika akafikiri. "Sifuri saba."

"Basi siyo. Siku unafungua akaunti hii, nani alikaa pembeni yako?"

Haika akaiona sebule ya nyumbani Machame, wiki ya kusafiri, mdogo wake Aikaeli amekunja miguu kwenye kochi, anasema lete dada nikufungulie, wewe utakesha. Hakuwa na laini ya maana wakati ule. Aikaeli alikuwa ameweka namba yake mwenyewe.

Hawakuwa wamesemeshana kwa miaka miwili, tangu mazishi ya mama.

"Usibonyeze kwanza," Mzee Nizar akamwonya. "Namba zenyewe hufa baada ya dakika chache. Mpigie, akae tayari."

Simu ya kwanza ilikatwa. Ya pili ikakatwa. Haika akapiga ya tatu.

"Nani?"

"Mimi. Haika."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Aikaeli, nina shida. Itaingia namba kwenye simu yako sasa hivi, naomba unisomee."

"Kumbe! Tangu jana zinaingia namba, nikajua ni matapeli. Na nitajuaje wewe si tapeli? Siku hizi wanaiga mpaka sauti." Sauti yake ilikuwa kavu. "Siku ya mazishi uliniambia nini kwenye video, kabla sijakata?"

Mzee Nizar alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Haika akafumba macho.

"Nilikuambia usogeze simu, kaburi silioni."

"Na mimi nikasema nini?"

"Ukasema kama nataka kuliona, nije."

Alimsikia mdogo wake akivuta pumzi. "Haya," Aikaeli akasema. "Bonyeza."

Akasoma tarakimu sita, polepole, kama anavyowasomea imla wanafunzi wake. Haika akaandika. Kioo kikageuka cheupe, kisha barua zikaanza kushuka, moja juu ya nyingine, wiki sita nzima. Kumi na moja zilikuwa za kumkatalia. Mbili zilimwita kwenye usaili uliokwisha kupita. Ya Croydon ya kwanza ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Ya pili ilisema kama bado anaitaka nafasi, atume nakala ya pasipoti na vyeti kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa hii.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika ishirini na nne.

Picha za vyeti zilikuwa kwenye tableti. Akaziambatisha, akatuma. Barua ikakwama kwenye kisanduku cha zinazosubiri kutoka, duara likazunguka bila kwisha. Mteja aliingia, akaambiwa angoje. "Nzito mno," Mzee Nizar akasema. Akazipunguza picha moja baada ya nyingine, huku Haika akimwomba Mungu kwa Kimachame bila kujua kwamba anasema kwa sauti. Saa kumi na dakika hamsini na moja barua ikatoka.

Aikaeli alikuwa bado yuko kwenye simu. "Imekwenda?" akauliza.

"Imekwenda."

"Sawa. Badilisha hiyo namba, weka yako," akasema, akakata.

Jumatatu Haika alifanya usaili kwa video, na Jumatano aliambiwa amepata. Cheti cha udhamini kilifika siku ya hamsini na nne. Nafasi ilikuwa moja. Alipompigia Generosa kumweleza, alishindwa kulitamka, mpaka Generosa mwenyewe akasema, "Najua, wamenijibu. Usilie sasa, wewe mbona umepata?"

Aikaeli alituma ujumbe wiki iliyofuata, picha ya kaburi lililowekewa saruji mpya, bila neno. Haika aliitazama muda mrefu, akaandika asante, akafuta, akaandika tena, akatuma.

Generosa aliondoka siku ya hamsini na tisa. Haika alimsindikiza uwanja wa ndege, mpaka pale wasindikizaji wanapoishia. Walishikana mikono, halafu Generosa akachukua begi lake dogo, akapanga foleni.