Mpambaji aliyefunga masale kwenye viti vya harusi

Saa moja asubuhi Twahira Selemani yuko juu ya ngazi, pini nne mdomoni, anagombana na pazia. Pazia limegoma kukaa sawa nyuma ya meza ya maharusi, na yeye amegoma kushuka.

"Vuta kwako, Salha! Si hivyo, umelivuta mpaka limenuna," anamwambia mdogo wake bila kufungua meno. Wote wawili wanacheka mpaka ngazi inatikisika.

Ukumbi huu uko karibu na Makumira, na baridi ya mlimani bado imo ndani. Twahira, mwenye umri wa miaka 39, ni mpambaji wa Kaloleni mjini Arusha. Kwa miaka sita amepamba harusi, maulidi, sherehe za kipaimara na sebule za watu waliochoka kutazama ukuta mtupu.

Lakini kazi zote hizo zilikuwa za mjini. Leo ni mara yake ya kwanza kuitwa na Wameru wa huku, na kina mama wa usharika hawakumficha kitu. Wakipendezwa, harusi zote za ukumbi huu za Desemba na Januari ni zake. Wasipopendezwa, wanaye mpambaji mwingine Usa River.

"Nikiharibu hapa nimejifungia mlango mwenyewe," anasema.

Ufundi huu aliurithi kwa bibi yake mzaa baba, aliyekuja Arusha kutoka Pangani akifuatana na mume fundi cherehani. Bibi alikuwa hodari wa kupamba chumba cha bi harusi: asumini kitandani, kanga ukutani, udi kila pembe.

Harusi ya Twahira mwenyewe ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita, mwaka 1984, enzi za uhaba na foleni madukani. "Kitambaa cha pazia hakuna, utepe hakuna, hata karatasi ya rangi hakuna," anakumbuka. "Tulipamba ukumbi kwa mashuka ya majirani. Kesho yake asubuhi wamejaa mlangoni, kila mmoja anadai shuka lake, na mimi bi harusi ndiye ninayeyakunja!"

Biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamwagika sokoni, wenzake walikimbilia makoti na jinzi. Yeye aliinamia marobota ya mapazia. Anayafua, anayatia rangi, anayapiga pasi ya mkaa, na yakitundikwa hakuna anayeamini kwamba jana yalikuwa chini kwenye turubai. Tepe na maputo huletewa kutoka Namanga. Maua ya plastiki ameyakataa katakata.

"Ua lisilonyauka linanitia wasiwasi," anasema.

Maua yake ni waridi za mashamba ya Usa River, zile zilizokosa urefu wa kupandishwa ndege kwenda Ulaya. "Wazungu wamezikataa kwa ufupi. Na mimi mfupi, tunaelewana."

Leo lakini waridi zimekuja nusu ya alizoagiza. Inafika saa nne, na safu ya viti vya mbele, viti vya wazee na ndugu wa karibu, haina hata jani. Salha anaanza kuuma kucha. Twahira anachukua kisu, anatoka nje.

Pembezoni mwa shamba la jirani kumeota mmea wa majani marefu yanayong'aa. Wenyeji huuita masale. Twahira, mtoto wa mjini, amezoea kuuona njiani na kuudhania uzio tu. Anaomba ruhusa kwa binti wa shamba hilo anayepita na ndoo ya maji, anakata fungu zima, anarudi ndani. Anakunja jani moja moja, analipiga fundo kama bibi yake alivyozoea kufunga ukindu, kisha analining'iniza nyuma ya kiti. Kila kiti jani lake.

Anarudi nyuma kidogo na kukunja mikono. "Mashallah," anasema. Na ukweli usemwe, vimependeza mno.

Alasiri wageni wanaingia wakiimba. Kina mama wa kwanza wanafika safu ya mbele, na wimbo unakatika. Mmoja anaziba mdomo kwa mkono.

Nyuma yao anakuja Mzee Anaeli, baba mkubwa wa bi harusi. Yeye na mdogo wake, Mzee Elisaria, baba wa bi harusi, hawajasalimiana kwa miaka minane tangu wagombee mpaka wa mashamba yao ya kahawa. Amekuja kwa ajili ya mtoto tu, na alishatangaza kwamba chakula cha mdogo wake hatakigusa. Anafika kwenye kiti chake, analiona lile fundo, anasimama.

Mama wa bi harusi anamvuta Twahira pembeni. "Dada, unajua umefanya nini? Sale likifungwa hivyo ukampa mtu, unamwomba msamaha. Na aliyepewa hawezi kukataa. Halichezewi hilo!"

Twahira anaziona harusi za Desemba zikiondoka, na za Januari zikizifuata.

"Nani ameleta hili?" anauliza Mzee Anaeli.

Twahira angeweza kujificha nyuma ya mapazia yake, na yalikuwa mengi. Badala yake anasogea mbele, mtandio umemteleza.

"Shikamoo, baba. Ni mimi. Sikujua maana yake, nilipungukiwa na maua tu. Naomba radhi, nitayatoa yote sasa hivi."

Ananyoosha mkono. Sauti inamzuia.

"Liache, mama," anasema Mzee Elisaria.

Mzee anakuja, analitoa jani kitini na fundo lake, analishika kwa mikono miwili mbele ya kaka yake. "Amelifunga huyu mama, lakini ninayelitoa ni mimi. Nilipaswa kukuletea zamani, kaka. Kiburi kilinizuia."

Mzee Anaeli analipokea.

"Sale halikataliwi," anasema. Midomo inamcheza. "Ila umechelewa sana, mjinga wewe!"

Wanakumbatiana, na vigelegele vinapasua bati. Twahira analia hadharani, wanja unamfika mashavuni, wala hajali. Safu ya mbele nayo imegeuka kichekesho. "Na mimi, nani kanikosea?" anauliza shangazi mmoja akipepea jani lake, na mumewe ghafla anaona haja ya kwenda kutazama nyama. Mzee Anaeli anakula sahani mbili.

Kabla ya keki kukatwa, kina mama wamempa Twahira Desemba yote na Januari yote. Anapanga sasa kukodi chumba Themi, auze mapazia na kufundisha wasichana kupamba. "Na kila nitakapokwenda, kabla sijakata jani nitauliza maana yake kwa wazee wa hapo," anasema.

Mlangoni anamngojea bibi mmoja mwembamba.

"Mwanangu, Jumatano njoo kwangu, unipambie sebule."

"Kuna harusi, bibi?"

"Hakuna. Atakuja dada yangu." Bibi anatazama chini. "Na lile jani usilisahau."

Twahira anamshika mkono. "Mapazia na maua nitaleta, bibi. Sale utalifunga mwenyewe."

"Basi uje mapema," anasema bibi. "Nikibaki peke yangu nitaghairi."